Vineno "the" na "a" katika Misemo ya Kiingereza, na Njia ya Kuvifundisha katika Nchi ya Ugogo

Mara nyingi walimu wa nchi ya kati, tokea Mpwapwa hata Manyoni, wametuuliza swali ambalo kwa kulitazama juu juu laonekana dogo. Kwa nini Mwingereza husema "go to school" pasipo kuweka kitu katikati, lakini asemapo habari za posta husema "go to the post office"? Kwa nini husema "at night", na kulipopambazuka husema "in the morning"? Je, ipo sheria, au ni mazoea tu? Na kama ni mazoea, mtoto wa Kigogo atayajuaje, naye amekwisha kujifunza lugha mbili kabla ya kuifikia hii ya tatu?

Swali hili si dogo, nasi twaweza kulishuhudia. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliandika barua kwa watu wa ng'ambo kuomba msaada wa ada ya chuo. Baba yake alikuwa seremala, ameajiriwa gerezani kuwafundisha wafungwa kazi ya mbao. Kijana aliandika kwamba baba yake yu "in the prison", kisha akaileta barua isahihishwe. Aliyeisahihisha alikuwa amekariri kitabuni kwamba majina kama "school", "church" na "prison" hayatanguliwi na "the". Basi akakifuta kineno kile kwa wino mwekundu. Barua ikaenda ikisema "My father is in prison", yaani, baba yangu amefungwa. Majibu yalikuja yenye huruma nyingi, wakiuliza kosa la baba ni nini na kifungo chake kitakwisha lini. Baba alipofasiriwa maneno yale, alinyamaza kimya, wala hakugusa chakula jioni ile. Tuliandika upesi kueleza, lakini nafasi ya mwaka ule ilikuwa imekwisha kupewa mwingine. Twasema "tuliandika" kwa maana mkono ulioushika ule wino mwekundu ulikuwa wetu.

Tangu siku ile tumejitahidi kuichunguza habari ya vineno hivi: asili yake, jinsi wataalamu walivyovitafuta katika lugha zetu, na njia ya kumfahamisha mwanafunzi. Twayaweka hapa tuliyoyaona, labda yatawafaa wenzetu.

1. Jinsi Kiingereza kilivyofika katika nyanda za kati

Wamisionari wa Church Missionary Society walifika Mpwapwa mwaka 1876, lakini hawakuja kufundisha Kiingereza. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kujifunza lugha za wenyeji. Mmoja wao, J. T. Last, alipiga chapa mwaka 1885 kitabu alichokiita Polyglotta Africana Orientalis, ambamo alikusanya maneno na sentensi 250 katika lugha na lahaja 48. Kiswahili nacho kilikuwa kimekwisha kufika zamani pamoja na misafara ya biashara iliyopita Ugogo ikienda Unyanyembe na kurudi pwani. Wadachi walipotawala walikitumia Kiswahili katika shule zao na katika barua za serikali, na reli ya kati ilipofika Dodoma mwaka 1910 kikazidi kuenea.

Kiingereza kilipata nguvu baada ya vita vya 1914–1918, Waingereza walipoitawala Tanganyika. Hata hapo hakikuwa lugha ya watoto wadogo, bali cha madarasa ya juu. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zilifundisha kwa Kiswahili, na za sekondari zikaendelea na Kiingereza. Basi mtoto wa Mvumi au wa Kongwa hupokea Kigogo kwa mama yake, Kiswahili shuleni na sokoni, na Kiingereza hukipata kitabuni. Hakusikia mamaye akisema "in bed" wala "on foot". Lililo mazoea kwa mtoto wa Uingereza ni sheria ya kukariri kwake yeye, na sheria ikikaririwa nusu, huleta madhara kama tuliyoyasimulia.

2. Asili ya vineno hivi

Watu wengi hudhani kwamba Kiingereza kilikuwa na vineno hivi tangu mwanzo. Sivyo. Katika Kiingereza cha kale, kilichosemwa katika siku za mfalme Alfred, aliyefariki mwaka 899, neno lililozaa "the" lilikuwa neno la kuonyeshea, kama "yule", "ile" na "kile" kwetu sisi, nalo lilibadilika kwa kufuata ngeli ya jina. Na "a" au "an" lilikuwa neno "moja" tu. Ndilo lile lile lililozaa "one". Kwa miaka mingi "yule" alipunguka nguvu ya kuonyesha kwa kidole, akabaki na kazi moja tu, ya kumwambia msikilizaji, "wewe wakijua kitu hiki." Naye "moja" akapunguka nguvu ya kuhesabu, akabaki kusema, "hiki hukijui bado. Ndiyo kwanza nakitaja."

Mwenye kusikia hadithi zetu atatambua mara moja kwamba sisi nasi tuko katika njia hiyo hiyo. Msimulizi huanza kwa kusema palikuwa na mtu mmoja, wala hataki kutuhesabia watu. Ataka kutujulisha mgeni. Baada ya hapo husema "yule mtu", ijapokuwa hakuna mtu wa kuonyeshwa kwa kidole. Tena tazama mahali neno linapokaa. "Mtu yule" ni yule aliye kule mbali. "Yule mtu" ni yule tuliyekwisha kumtaja. Kwa kulitanguliza neno la kuonyeshea, Kiswahili hufanya kazi ile ile ya "the".

Vineno vidogo vina tabia nyingine: hushikamana na jirani zao hata watu wasijue mpaka uko wapi. Waingereza walikuwa na neno "napron". Waliposema "a napron" masikio yakasikia "an apron", na hata leo husema "apron". Kinyume chake, "an ewt" ikawa "a newt". Sisi nasi tumefanya hivyo na kineno cha Waarabu, "al", ambacho ndicho "the" yao. Tuliposema Alhamisi, alfajiri na alasiri, tulikimeza kineno pamoja na jina. Neno liwali ni "al-wali" lililokatwa kichwa, kisha likapewa wingi wa kwetu, maliwali. Lakini mwalimu asidhani kila "al" ni kineno hicho. Katika alama, "al" ni sehemu ya neno lenyewe. Tena tulilichukua neno kitabu kwa Waarabu, tukaiona "ki" yake, tukadhani ni ngeli yetu, tukasema vitabu. Hata jina la mji wetu lina habari ya namna hii. Wazee husimulia kwamba tembo alizama matopeni, watu wakasema kwa Kigogo "idodomya", yaani, amezama. Wageni waliiacha ile "i" ya mbele, ikabaki Dodoma.

3. Wataalamu walivyokitafuta kineno hiki katika lugha zetu

Wazungu wa kwanza walioandika sarufi za lugha zetu walitoka katika lugha zenye vineno hivi. Kwa hiyo walipofika walivitafuta, kama mtu aingiaye nyumba ngeni akatafuta mlango mahali ulipo kwao. Krapf alipiga chapa sarufi yake ya Kiswahili mwaka 1850, na Steere akatoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Hawakukiona kineno kama "the" wala kama "a".

Kusini mwa Afrika Bleek, katika sarufi yake ya kulinganisha lugha iliyotoka kwa mafungu mwaka 1862 na 1869, aliitazama irabu ya mbele ya maneno kama "umuntu" ya Kizulu, akaihesabu kuwa ni kineno cha namna hiyo. Hakukosa sababu. Katika Luganda mtu ni "omuntu", lakini baada ya kukana irabu hiyo huanguka: "siraba muntu", sioni mtu. Karibu na kwetu, Mhehe husema "umunu", na Mgogo jirani yake husema "munhu". Hata hivyo wataalamu waliofuata waliona kwamba irabu hiyo haiendi sawasawa na "the", kwa kuwa huonekana hata mahali ambapo Mwingereza angesema "a".

Basi kwa muda mrefu wanafunzi wa Kizungu walifundishwa kwamba Kiswahili hakina kineno hiki, na baadhi yao walisikia katika maneno hayo kwamba Kiswahili kimepungukiwa. Neno hilo la pili si kweli. Kilatini hakikuwa na kineno hata kimoja, nacho kilibeba sheria na elimu ya Ulaya kwa zaidi ya miaka elfu. Kiyunani kilikuwa na kimoja, cha kujulisha, bila kile cha "a". Lugha huchagua mahali pa kuiweka kazi. Bibi E. O. Ashton alipotoa sarufi yake kubwa ya Kiswahili mwaka 1944 alishika njia iliyo bora: hakuuliza kineno kiko wapi, bali aliuliza kila kipande cha neno la Kiswahili chafanya kazi gani. Nasi twafuata njia hiyo.

4. Kazi yenyewe ni ipi

Kazi ya "the" ni kushuhudia ujuzi ulio katikati ya wawili. Natutoe mifano miwili ya nchi yetu.

Tangu mwaka 1917 hata 1920 Ugogo ilipigwa na njaa kuu. Majeshi ya pande mbili za vita yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na mvua zikakosekana. Wagogo waliita njaa ile Mtunya. Nchi hii imeona njaa nyingi, na nyingi zina majina, lakini mzee akitaja Mtunya, hakuna aulizaye, "Ni ipi?" Jina limekwisha kufanya kazi yote ya kujulisha. Mwingereza asiyelijua jina hilo atahitaji kusema "the famine", kisha aeleze miaka.

Mfano wa pili ni wa Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha kilimo kikubwa cha karanga, kikavunjika mwaka 1951. Mwanzo Mwingereza aliyekuwa akimweleza mwenzake asiye na habari alisema "a scheme", mpango fulani. Mpango ulipokuwa habari ya kila mtu, "the" ilitosha. Mipango mingine ilikuwapo, lakini mjini Kongwa asingeuliza mtu ni upi.

Kwa Kiswahili ujuzi huo hushuhudiwa hasa kwa kiambishi cha mtendwa, kile kinachoingia katikati ya kitenzi. "Nimesoma kitabu" ni habari ya kazi yangu ya leo. Kitabu ni kitabu cho chote. "Nimekisoma kitabu" ni habari ya kitabu ambacho wewe nawe wakijua, labda ulichoniazima wewe. Herufi mbili tu, "ki", zimebeba mzigo wote wa "the". Kigogo nacho kina kiambishi cha mtendwa, na kwa hiyo mtoto aja shuleni akiwa na chombo hiki mkononi tayari. Twapaswa kuonya jambo moja: kwa watu na wanyama kiambishi hiki hutumika karibu siku zote, "nimemwona mtu", kwa hiyo mwalimu achukue mifano yake katika vitu.

5. Misemo yetu hukataa kiambishi

Hapa ndipo tulipoipata njia tuliyokuwa tukiitafuta. Twaa misemo ya Kiswahili, uitie kiambishi cha mtendwa, uone itakavyokuwa.

Tukisema "Mzee huyu amekula chumvi nyingi", maana yake ameishi miaka mingi. Sema sasa "Mzee huyu ameila chumvi", na kila mtu atageuka kukitazama kikopo cha chumvi. Tukisema "Alishika njia", maana yake aliondoka; tukisema "Aliishika njia", twauliza njia ipi, ya Kondoa au ya Iringa. "Amekata tamaa" ni neno la kila siku; lakini "ameikata tamaa" hakuna asemaye, maana tamaa si kamba. Na katika "anafanya kazi" twajua kwamba mtu ana ajira au hakai bure. Katika "anaifanya kazi" ipo kazi fulani aliyopewa, nasi twaijua.

Kwa nini msemo hukataa kiambishi? Kwa sababu ndani ya msemo jina limeacha kutaja kitu. Chumvi ya mzee si chumvi, na njia ya msafiri si njia hii wala ile. Jina na kitenzi vimeshikana vikawa neno moja lenye maana moja. Ukitia kiambishi, umelifungua fundo. Jina lasimama peke yake tena, nalo lataja kitu.

Hali kadhalika misemo iliyofungwa kwa majina mawili: uso kwa uso, bega kwa bega, mkono kwa mkono, siku kwa siku. Hakuna asemaye "uso huu kwa uso ule" akitaka maana ile ile.

6. Misemo ya Kiingereza hukataa kineno kwa sababu hiyo hiyo

Sasa turudi kwa Mwingereza. Tutaona kwamba hufanya lile lile, ila yeye hulifanya kwa kuacha "the" na "a".

Fungu la kwanza ni la mahali na kazi yake. "At school", "in church", "in bed", "in prison", "at sea": hapa jina halitaji jengo wala maji, bali shughuli au hali ya mtu. Aliye "at school" ni mwanafunzi. Aliye "in bed" amelala au anaumwa. Aliye "at sea" ni baharia safarini. Fundi akienda kupaka rangi kuta za shule, yu "at the school", kwa sababu kwake yeye shule ni jengo. Mama akimpelekea mwanawe chakula, huenda "to the school". Posta haina hali ya namna hiyo. Aendaye posta haingii katika daraja mpya ya watu. Kwa hiyo husemwa "the post office" siku zote. Basi seremala wetu alikuwa "in the prison" kwa haki yote, kwa maana kwake gereza lilikuwa jengo la kufanyia kazi. Mwanafunzi na ajiulize kwanza: je, nataja jengo, au nataja hali ya mtu?

Fungu la pili ni la njia ya kwenda: "on foot", "by train", "by road". Sisi husema kwa miguu, kwa wingi. Mwingereza husema mguu mmoja, wala haonyeshi ni upi. Lakini gari likitajwa lenyewe, kineno hurudi: aliyekuja "by train" alisafiri kwa gari la moshi, na aliyekuja "on the train" pengine ataka kutueleza habari ya gari lile.

Fungu la tatu ni la majina mawili: "face to face", "hand in hand", "day by day", "from hand to mouth". Haya hayahitaji maelezo kwa mwenye kujua uso kwa uso na siku kwa siku.

Fungu la nne ni la kitenzi na jina: "take place", kutukia, "take care", kuangalia, "catch fire", kushika moto. Lakini "take the place of" ni kukaa mahali pa mwingine, kwa kuwa hapo mahali pamekuwa mahali kweli.

Mengi ya haya, hasa yale yenye "at", "by" na "on", ni masalio ya zamani zile ambapo lugha haikudai kineno mbele ya kila jina. Kineno kilipoenea kikalivika kila jina, misemo ilikuwa imekwisha kuganda, ikapitwa. Kwa hiyo tusiseme kwamba "the" imeachwa katika "on foot". Ni afadhali kusema kwamba haikufika huko.

7. Mahali ambapo kineno hugeuza maana kabisa

Ipo misemo ambayo kosa lake si la kuchekesha tu. Kila mwalimu na aiandike mahali pa kuonekana.

"With child" ni mja mzito, nayo ni lugha ya zamani ambayo wasomaji wa Biblia ya Kiingereza ya 1611 waijua. "With a child" ni mtu aliyefuatana na mtoto. Mwalimu "in charge of the children" ndiye msimamizi wao; akiwa "in the charge of the children", watoto ndio wamsimamiao yeye. "Out of question" katika vitabu vya zamani maana yake pasipo shaka. "Out of the question" maana yake haiwezekani kamwe. "In front of the church" ni nje, mbele ya kanisa. "In the front of the church" ni ndani, kwenye viti vya mbele. "A number of teachers" ni walimu kadhaa. "The number of teachers" ni hesabu yao.

Wandikao taarifa kwa maaskofu na kwa wafadhili na waangalie "few" na "a few". "Few came" ni malalamiko: ni wachache tu waliokuja. "A few came" ni habari ya kutia moyo: walikuja kadhaa. Hivyo hivyo "little" na "a little". Shemasi aandikaye "we have little food" asema njaa i karibu. Akiandika "we have a little food" asema tutavumilia. Kikapu cha mtama ni kile kile, lakini msomaji wa mbali hakioni kikapu. Aona kineno tu.

8. Mahali pasipo sheria

Ingekuwa hila kuwaambia walimu kwamba njia hii yafungua milango yote. Mwingereza husema "at night" na "in the morning", wala hakuna hekima itakayotueleza sababu kwa hakika, yapasa kukariri. Husema "a headache", lakini meno yakiuma huweza kusema "toothache" pasipo kineno. Tena Waingereza wenyewe na Wamarekani hawapatani. Mgonjwa aliyelazwa huko Uingereza yu "in hospital". Huko Marekani yu "in the hospital", ijapokuwa ugonjwa ni mmoja na kitanda ni kimoja. Mwingereza husema "in future" akiwa na maana ya tangu sasa. Mmarekani husema "in the future".

Kwa hiyo tusimpige mwanafunzi kwa sababu ya "in the hospital", maana watu zaidi ya milioni mia tatu husema hivyo nao hawakosi. Ni vema mwalimu aweke daraja mbili za makosa. La kwanza ni kosa la mazoea, ambalo halibadili maana: hilo lisahihishwe kwa upole. La pili ni kosa ligeuzalo maana, kama yale ya fungu la saba: hilo lisimamiwe mpaka lishikwe. Wengi wetu tumetumia wino sawa kwa yote mawili, na mara nyingine tumefuta lililo sawa.

9. Shauri letu

Desturi yetu sasa ni hii. Kabla ya kuandika neno lo lote la Kiingereza ubaoni, twawaomba wanafunzi watupe misemo kumi ya Kiswahili, nao huitoa kwa furaha. Kisha twaitia kiambishi cha mtendwa, darasa lacheka, na kila mmoja aona kwa akili yake kwamba msemo umevunjika. Baada ya hapo twaandika "go to school" na "go to the school" pamoja, na kuuliza ni upi uliofungwa na ni upi uliofunguliwa. Hatujapata darasa lililoshindwa kujibu. Yale yasiyo na sheria twayaandika kando na kuyakariri kidogo kidogo.

Tena twamwuliza mwanafunzi kabla ya kufuta. Hilo ndilo tulilojifunza kwa hasara ya mwingine. Kama tungalimwuliza yule kijana, "Baba yako afanya nini huko?", angalitujibu kwa maneno mawili, na kineno chake kingalibaki mahali alipokiweka. Alikiweka kwa kuwa alimjua baba yake. Sisi tulikifuta kwa kuwa tuliijua sheria nusu.